Siku sita Amani: kumfuata hondohondo aliyejifungia ndani

Daftari la safari hii limekaa mezani toka Novemba. Nilimwahidi mzee mmoja wa Amani kwamba sitaandika neno mpaka anipigie simu. Juzi kapiga. Basi nimekaa na daftari lenye madoa ya matope, picha mia mbili na ushee za simu (nyingi ni za majani tu), na bahasha ya risiti, maana mimi ni mhasibu na risiti huwa situpi.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, aliyekubali kuja kwa sharti kwamba nauli yake nalipa mimi. Tulikwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kumtafuta ndege mmoja tu: hondohondo mashavu-fedha. Si ndege adimu, anapatikana kuanzia Ethiopia hadi Zimbabwe na Msumbiji. Nilichokitaka ni kiota chake. Niliwahi kusimuliwa kwamba jike huingia kwenye pango la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, akabaki humo miezi analishwa kupitia ufa. Mara ya kwanza kusikia nilidhani ni hadithi za kulazia watoto.

Siku ya 1, Alhamisi 14 Novemba: Dar hadi Muheza

Tiketi iliandikwa saa 12:00 asubuhi. Basi likatoka stendi ya Mbezi saa 1:20, na Kibaha tukakuta foleni ya malori. Nauli 20,000 kila mmoja. Kutoka hapo hadi Chalinze nililala, na sioni kama nimekosa kitu.

Michungwani jina linajieleza lenyewe. Basi halijasimama vizuri, nyavu za machungwa zimeshajaa madirishani. Mdogo wangu akanunua wavu mzima wa 3,000. Nikamwambia, tunakwenda Muheza, nyumbani kwa machungwa. Akasema haya yana sura nzuri. Jioni tulipoingia gesti nayo, dada wa mapokezi aliuangalia ule wavu, akatuangalia sisi, akamwita mwenzake aje aone watu waliotoka Dar kuleta machungwa Muheza.

Tulifika saa 9 kasoro, gari la Amani limeshaondoka. Gesti 20,000, choo ndani, maji ya ndoo. Chakula cha usiku tulikula kwa mama mmoja karibu na stendi: wali na samaki wa nazi, 4,000 kwa sahani, na pilipili ya kupondwa aliyoileta bila kuombwa. Akauliza tunakwenda Amani kwa nani. Nikasema kwa ndege. Akafikiri ni mzaha, kisha alipoona sitanii akachukua simu na kumpigia shemeji yake anayeishi huko juu. "Huyo ndiye anayewajua," akasema, "hata wazungu humtafuta." Alikuwa hanijui hata jina. Ndivyo nilivyompata mzee.

Kwa atakayekwenda: jitahidi uwe Muheza kabla ya saa 6 mchana, la sivyo unalala. Toa pesa taslimu hapohapo mjini, kwa kuwa huko juu wakala wanaweza kuishiwa floti. Na usinunue machungwa njiani.

Siku ya 2, Ijumaa: Sigi na kupanda

Hatukusubiri gari la mchana. Tulichukua bodaboda mbili, 20,000 kila moja mpaka juu. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza na udongo mwekundu ulikuwa umelowa usiku kucha. Kabla ya Sigi, pikipiki iliyonibeba ikapata pancha mbele ya nyumba yenye iliki zimeanikwa kwenye mkeka. Wakati kijana anahangaika na tairi, mama mwenye nyumba alitoka na sinia la mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi yenye mdalasini. Nilipotaka kulipa akakasirika kabisa. Nikamwachia machungwa, na yeye pia akacheka.

Sigi kuna jengo la stesheni ya zamani. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi hapo kuteremsha magogo, reli yenyewe ilishang'olewa na stesheni sasa inapokea wageni wa msitu. Malipo ya kuingia ni kwa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu. Njoo na kitambulisho cha taifa, maana ada ya Mtanzania na ya mgeni zinatofautiana sana.

Kuanzia Sigi ni kupanda, kama kilomita 10 za kona juu ya kona, na kila kona hewa inapoa. Tulisimama mara moja kupoza injini. Kimya kabisa, mto unasikika bondeni. Ndipo nikasikia kitu kama mtu anakung'uta shuka kubwa juu ya kichwa changu, fuu, fuu, fuu. Nikainama bila kufikiri. Kijana wa bodaboda hata hakuangalia juu. "Hondohondo," akasema, kama mtu anayetaja daladala.

Sauti ile ni ya mabawa. Hondohondo hana yale manyoya madogo ya chini ya bawa ambayo kwa ndege wengine hufunika mashina ya manyoya makubwa, kwa hiyo hewa inapita katikati na kuvuma. Unamsikia kabla hujamwona.

Amani penyewe ni mita 900 hivi juu ya bahari, na kwa mtu wa Dar ni baridi. Chumba 30,000 na chai ya asubuhi. Jioni, saa 12 kasoro, tukasimama barabarani tukawaona wakirudi kulala: wawili, watano, kumi na mmoja, wakivuka bonde mmojammoja kwa mstari, wakipiga mabawa mara chache na kuteleza. Niliacha kuhesabu nilipofika 64 kwa sababu giza liliingia.

Mmoja alitua karibu kiasi cha kumwona vizuri kwa darubini, na nimeandika hivi palepale: mweusi wa kung'aa kijani kidogo akigeuka juani, mgongo wa chini mweupe, tumbo la chini na mapaja meupe, ncha za mkia nyeupe. Manyoya ya shavuni yana ncha za kijivu cha fedha, kama ndevu za mzee zilizoanza mvi. Juu ya mdomo ana pembe kubwa ya rangi ya malai, mzigo wa kuchekesha, unajiuliza shingo inawezaje. Inaweza kwa sababu pembe ile ndani ina uwazi mwingi, na pingili mbili za kwanza za shingo yake zimeungana kuwa moja. Huyo alikuwa dume. Jike pembe yake ni fupi na ya chini. Halafu ana kope! Kope ndefu, kama za bandia. Urefu wake wote hukaribia sentimita 80.

Na mlio wake, samahani kwa wampendao, ni wa punda aliyekabwa.

Usimchanganye na hondohondo mwingine mdogo anayekaa zaidi misitu ya chini kuelekea tambarare: huyo ana ngozi ya waridi kuzunguka jicho na ukingo mweupe kwenye bawa akiruka.

Siku ya 3, Jumamosi: siku iliyoharibiwa na singeli

Mzee alikuja saa 1 asubuhi, koti la mvua, gumbuti, panga. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za shemeji yake wa Muheza, kisha akasema masharti. Tutatembea kimya. Hatutapiga mlio wa ndege kwenye simu kumwita. Picha za kiota sawa, lakini za kutokea mbali, na zisioneshe njia. Na sitaandika chochote mpaka watoke. Tukakubaliana 30,000 kwa siku.

Tulikuwa tumeshatembea dakika arobaini simu ya mdogo wangu ilipolia. Singeli, sauti ya juu kabisa. Mbega waliokuwa juu ya mti wakatawanyika kwa kishindo. Mzee alisimama, akaitazama njia ya mbele, akageuka. "Leo hatuendi kwenye kiota," akasema kwa upole uliouma kuliko angegomba. "Leo tutaangalia miti."

Nilikasirika hadi saa 4 hivi. Baada ya hapo nikaanza kuelewa kwamba tumepewa somo la kwanza kabla ya la pili.

Mzee alitutembeza toka mti hadi mti. Huu mnyasa, huu msambu ambao mbegu zake watu huokota kwa ajili ya mafuta, huu mkuyu. Kila mti wenye matunda madogo alitaja wanaoula, na hondohondo alikuwa karibu kwenye kila orodha. Ndege huyu anameza tunda zima, nyama inasagika, kokwa linatoka baadaye mbali na mti mama. Kwa hiyo kila kundi linalovuka bonde jioni linabeba tumboni miche ya kesho.

Kisha akatufikisha mahali palipokuwa na uwazi, mti mkubwa ulishaanguka zamani, na uwazi wote umejaa miti membamba iliyonyooka, ya aina moja, yenye majani ya kingo za meno. "Hii nayo kapanda yeye," akasema.

Ni Maesopsis. Kwao ni nchi za magharibi, kuanzia Liberia hadi Uganda na Bukoba kwetu. Wajerumani na Waingereza waliuleta Amani kwa majaribio, baadaye ukapandwa kwa wingi kwa mbao, na ukatoka nje ya mashamba. Unakua haraka, unapenda mahali palipokatwa, na hondohondo anapenda matunda yake. Akila shambani anakuja kulala msituni. Hesabu yake ni rahisi na inaumiza kidogo: ndege yuleyule anayeutunza msitu wa asili ndiye aliyemsafirisha mvamizi ndani yake. Mzee hamlaumu. "Yeye hakuambiwa upi ni mgeni," akasema, akakata mche mmoja kwa panga, pengine kwa mazoea tu.

Chakula cha mchana, wali maharage na mchicha, 3,000. Mdogo wangu alizima simu mpaka Jumatatu.

Siku ya 4, Jumapili: mnyasa

Tumetoka saa 10:45 alfajiri kwa tochi. Mahali sisemi, sikuulizwa na sitajibu. Saa 12 kasoro robo tulikuwa tumekaa kwenye mteremko, migongo kwenye shina, ng'ambo ya kijibonde. Kwa kuwa tulikuwa upande wa juu wa mteremko, tundu lililokuwa mita 18 hivi juu ya mizizi ya mti wake lilikuwa karibu usawa wa macho yetu. Umbali kama mita 40.

Kwa macho matupu niliona doa tu la rangi ya udongo kwenye gome la kijivu. Nikaweka darubini. Pango la mti lilikuwa na mlango wa duara, pengine hapo zamani tawi lilivunjika pakaoza, na mlango wote umekandikwa, umekuwa sawa na ukuta wa nyumba ya udongo uliopakwa kwa viganja. Katikati kuna ufa wa wima, wa vidole viwili. Hakuna kinachosogea. Nikafikiri, haiwezekani humo mna kiumbe mkubwa kuliko jogoo.

Mzee akanong'ona alivyowaona wakijenga mwishoni mwa Septemba. Dume hushuka chini, kwake alishukia kwenye kingo ya njia palipochongwa, anameza udongo, anakaa nao kooni mpaka unakuwa vidonge, anarudi na kuvicheua kimojakimoja. Jike, akiwa tayari ndani, anavipokea na kukandika mwenyewe kwa ubavu wa mdomo. Kwa hiyo yule mwanamke hakufungiwa na mtu. Ule ukuta ni wake, dume ni saidia fundi tu. Hilo nililiandika na kulipigia mstari.

Saa 12:40 mabawa yakavuma. Dume hakuja moja kwa moja. Alitua mti wa pili, akageuza kichwa upande huu na huu, pembe ikimulika kwenye mwanga mdogo. Dakika tatu nzima. Kisha akaruka na kujishikiza kwenye gome chini ya tundu, mkia ameukandamiza kwenye mti. Koo lilikuwa limevimba. Akarusha kichwa kidogo, na kwenye ncha ya ule mdomo mkubwa likatokea tunda moja dogo jekundu, limeshikwa kama mtu anavyoshika punje ya mchele kwa kucha mbili. Akalipeleka kwenye ufa. Ncha ya mdomo mwingine ikatokea toka ndani, ikalichukua. Akarusha kichwa tena. Tunda jingine. Jingine. Hakuna lililoanguka.

Mhasibu nikafanya kazi yangu. Ziara ya kwanza, matunda 9. Saa 1:35, 17. Saa 2:20, 22, na hapo mdomo wa ndani ulikuwa ukichungulia kabla hajafika, kumbe naye anayasikia mabawa.

Kati ya ziara ya tatu na ya nne kuna pengo kwenye daftari, na herufi zilizopinda. Siafu. Walinipandia ndani ya suruali na nimevua gumbuti, soksi na heshima yangu yote mbele ya mzee bila kutoa sauti hata moja, kitu ambacho najivunia kuliko cheti changu cha uhasibu. Mzee aligeukia pembeni kwa adabu na kunipa kitenge alichokuwa ametandikia mgongo. Huenda nimekosa ziara moja hapo.

Saa 3:50, matunda 6. Saa 4:30, 14. Katikati, kitu cheupe kilichomoka kwenye ufa kwa kasi na kuruka mbali na mti. Jike na kinda wote hugeuza makalio kwenye ufa na kujisaidia nje, makokwa wanayatupa pia. Ndani kunabaki kusafi. Saa 5:40, 19. Baada ya ile ya mwisho kulisikika toka ndani sauti nyembamba ya kuomba, siyo ya mama yake. Mzee akainua kidole kimoja: kinda ameshaanguliwa. Mayai huatamiwa kama siku 40, kwa hiyo yai lilipasuka mwanzoni mwa Novemba hivi. Jike hutaga moja au mawili, anayekua kwa kawaida ni mmoja.

"Na yeye yuko arobaini," nikasema.

Mzee akatabasamu. "Mwanangu, huyu anakaa arobaini tatu."

Nilimzaa binti yangu nyumbani kwa mama, Tanga mjini. Siku arobaini sikutoka nje ya ua. Asubuhi uji wenye pilipili manga, mchana supu, jioni kukandwa kwa maji ya moto, na mimi nikihesabu siku ukutani kama mfungwa. Hondohondo wa mbugani, wale wadogo wenye midomo myekundu, mama hutoka katikati akamsaidia baba kulisha, na makinda huziba mlango tena wenyewe. Huyu wa msituni hatoki. Yeye na mtoto wake hutoka siku moja, baada ya miezi kama minne. Arobaini tatu, hesabu ya mzee haina kosa.

Nikauliza dume akifa inakuwaje. Mzee hakujibu mara moja. Akaeleza kwamba ujana wake, miaka ya 1980, alifanya kazi kambi ya magogo, wakati msitu huu bado unavunwa kibiashara. "Mti wenye pango tulikuwa tunauruka. Hauna mbao." Akauonesha ule mnyasa kwa kidevu. "Huu niliuruka mimi. Siyo kwa kumwonea huruma ndege. Ulikuwa mbovu tu."

Na ndege huyu hawezi kutoboa pango mwenyewe. Mdomo wote ule na hautobolei mti. Anasubiri mti uzeeke, tawi livunjike, moyo uoze, pango lipatikane kubwa la kumtosha, na akilipata hulirudia mwaka hadi mwaka. Sasa msitu unaweza kuonekana umejaa miti na usiwe na nyumba hata moja.

Tulipoondoka saa 6:30 tulipita chini ya mti kwa haraka, dume akiwa hayupo. Ardhi imetapakaa makokwa, mengine yameshaota, miche imebanana kama kitalu. Mdogo wangu aliokota moja, mzee akamwambia alirudishe.

Usiku nikajumlisha: ziara 6, matunda 87. Wastani 14.5.

Kwa wanaotaka kuona: usiende bila mwenyeji, na usikae chini ya mti wenyewe hata kama picha itakuwa nzuri, kwani dume akiona mtu haji, na asipokuja kuna wanaolala njaa. Darubini ni lazima. Soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi.

Siku ya 5, Jumatatu: mvua

Imenyesha toka alfajiri hadi saa 9. Nilikunywa chai ya maziwa yenye iliki vikombe vinne na kuanika viatu jikoni kwa mama mpishi, ambaye alivigeuza kila saa kama mikate.

Jioni tulitembea bustani ya miti. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na wakaleta miti toka kila pembe ya dunia kujaribu kipi kitaota. Waingereza walipochukua nchi, mwaka 1928 alikuja kufanya kazi hapa Reginald Moreau. Hakuwa mwanasayansi wa kusomea. Alikuwa karani wa ukaguzi wa hesabu za jeshi, na ndege aliwaanza Misri alikopelekwa kwa sababu ya ugonjwa wa viungo. Yeye na mkewe Winifred walichunguza viota vya hondohondo hawahawa, hapahapa Amani, na kuchapisha matokeo mwaka 1941. Mzee anasema waliokuwa wakikaa chini ya miti kutwa walikuwa mababu wa hapa, na mimi niliyekaa saa saba nikavuliwa suruali na siafu sina sababu ya kumbishia.

Makadirio yao yanatajwa mpaka leo: katika siku kama 120, dume mmoja hufika kwenye kiota mara 1,600 na kuleta matunda 24,000.

Nilichukua simu nikagawanya. 24,000 kwa 1,600 ni 15.

Nikafungua daftari kuangalia tena 14.5 yangu. Nilimwonesha mdogo wangu. Akaniuliza kama chakula cha usiku kimeiva.

Siku ya 6, Jumanne: kurudi

Gari la Amani linateremka alfajiri sana, saa 11 tumeshakaa. Nauli 5,000. Limejaa ndizi, magunia ya iliki na kuku wawili waliokuwa na siti. Saa 2 Muheza, tukapita kwa mama wa mgahawa kumshukuru, akakataa pesa ya chai. Basi la Dar saa 3, foleni Kibaha kama ilivyo ada, nyumbani saa 11 jioni.

Matumizi kwa watu wawili: nauli za mabasi 80,000, bodaboda 40,000, gari la kushuka 10,000, gesti ya Muheza 20,000, chumba cha Amani kwa siku nne 120,000, mwongozaji siku mbili 60,000, chakula 74,000, machungwa 3,000. Jumla 407,000, bila ada ya hifadhi. Ukiwa na hema utapunguza. Msimu wa masika barabara ya kupanda inaweza kukulaza Sigi.

Kuhusu simu ya juzi. Ilikuwa saa 1 asubuhi, niko kwenye daladala Mwenge, simsikii vizuri. Mzee alisema wametoka Alhamisi. Ukuta ulianza kubomolewa toka ndani saa 2, vipande vinadondoka kimojakimoja, mama akatoka kwanza, akatua tawi la jirani na kukaa hapo bila kuruka muda mrefu, kama aliyesahau. Mtoto alichungulia hadi mchana. Mdomo bado mdogo, pembe hana. Saa 8 akajitupa, akatua vibaya, akashikilia.

"Na dume?" nikapaza sauti, abiria wakageuka.

"Alikuja na matunda kama kawaida," mzee akasema. "Akaenda kwenye tundu kwanza."